Yule wa Jana

Kumnyanyua mwanaume aliyekuzidi kilo ishirini kuna ufundi wake, na mke wa Brashi alikuwa amehitimu bila kupewa cheti. Unapiga magoti kidogo, unayabana magoti yake kwa magoti yako, unampitishia mikono kwapani, unahesabu mpaka tatu, kisha unazunguka naye kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Kwa siku alifanya hivyo mara nane: kitandani, kitini, chooni, kitini, na mchana tena kitandani ili makalio ya mumewe yapumzike yasitoke vidonda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wahenga hao hawakuwahi kumbeba Brashi.

Asubuhi hiyo alihesabu moja, akahesabu mbili, na kwenye tatu mgongo wake ukalia, wote wawili wakausikia. Hakupiga kelele. Alimteremsha mumewe taratibu mpaka sakafuni, katikati ya kitanda na kiti, kisha akashika ukingo wa kitanda akabaki ameinama, hawezi kunyooka wala kukaa.

"Usiniguse tena," Brashi alisema kutoka chini.

"Nikuache hapo mpaka lini?"

"Mwite fundi welda."

Aliyeita ni mama mzazi wa Brashi, ambaye kwa sababu ya magoti mabovu alitembea ndani ya nyumba kwa kushika kuta. Alijikokota mpaka dirishani akamwita jirani kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Fundi welda akaja na miwani yake ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, na nyuma yake akaja mteja, mwanamke aliyekuwa amefuata vipimo vya nondo za madirisha. Alikuja kwa huruma au kwa umbea. Mara nyingi hiyo ni safari moja.

Brashi alikuwa na fulana na chupi tu. Fundi welda alimzoa kwa mkupuo mmoja, akamweka kitini, akajipangusa mikono.

"Kaka, umeongezeka," alisema, na alisema kwa nia njema.

"Pole sana, fundi," yule mwanamke akamwambia Brashi kutoka mlangoni. "Mungu anakuona."

"Na wewe pia unaniona," Brashi akamjibu.

Jina la Brashi lilitokana na kazi. Alipaka rangi nyumba za watu kwa miaka kumi na saba, mpaka siku jukwaa lilipokatika akiwa juu yake, na sasa ulikuwa mwaka wa pili miguu yake haijui kama ina mwenyewe. Wageni walipoondoka alikaa akimtazama mkewe akinywa dawa ya maumivu. Mama yake akavuta stuli, akakaa, akakohoa. Kikohozi hicho Brashi alikijua tangu utotoni. Kilikuja kabla ya maneno ya watu.

"Mkeo hajakwambia," mama alisema mkewe alipotoka kwenda kuanua nguo, "na mimi si mbea, kwa hiyo nitakwambia mara moja tu. Kiwanda cha sare kimemwita. Kazi ya kudumu, cherehani ya umeme, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Wanataka jibu mwisho wa mwezi ujao."

"Kasemaje?"

"Kasema atafikiria. Unamjua mkeo. Kufikiria kwake ni kukataa kwa adabu."

Mkewe aliporudi na nguo mabegani, Brashi hakumpa nafasi ya kuziweka chini.

"Kwa nini hukuniambia habari za kiwanda?"

Mke alimtazama mama mkwe, na mama mkwe akaitazama dari.

"Nikwambie ili iweje?" alisema. "Nani atakutoa kitandani nikiondoka? Nani atakupeleka chooni saa sita? Mama? Mama mwenyewe anahitaji wa kumpeleka."

"Hilo ni kweli," mama alisema.

"Unaitaka hiyo kazi au huitaki?"

Mkewe alianza kukunja nguo. Alikunja shati la kwanza, akakunja la pili. "Naitaka," alisema. "Kwa nini nikudanganye? Miaka yote nimeshonea watu viraka kwenye cherehani ya kukanyaga. Naitaka mpaka naiota."

"Basi usiwajibu kwanza. Tarehe haijafika."

Hakumwambia amekusudia nini, kwa kuwa hakuwa na hakika, na mtu aliyetoka kuzolewa sakafuni mbele ya mteja wa madirisha haahidi mambo makubwa siku hiyohiyo. Alichukua simu akampigia Dada wa Mazoezi.

*

Dada wa Mazoezi alitoka kituo cha tiba ya viungo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye, na mara mbili alikuwa amekuja na sanduku lake la kifaa cha mazoezi, na mara mbili Brashi alimwambia aende akawape watoto. Safari hii alifika kabla ya saa nne na hakumkumbusha maneno yale. Hiyo ilikuwa hisani, na Brashi aliiona.

"Wenyewe wanaiita uhalisia pepe," alisema akitoa kifaa kinachofanana na miwani ya kuogelea iliyonenepa. "Ukivaa hii unaona uko mahali pengine, na mikono yako inaonekana huko huko. Lakini mimi sitaki ushangae, nataka utoke jasho. Unataka uweze nini?"

"Nitoke kitandani niende kitini bila mtu."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita."

Dada hakucheka, wala hakusema inawezekana. Alimshika mikono nyuma, juu ya kiwiko, akaminya. "Hii ndiyo misuli inayomnyanyua mtu. Yako imelala. Uzito wako wote lazima uusukume kwenda chini kwa mikono, makalio yaachane na godoro, kisha unateleza juu ya ubao huu mpaka kitini." Akatoa ubao laini wenye urefu wa mkono. Halafu akafunga mipira miwili ya kijani kwenye boriti juu ya kiti, ikaning'inia, kila mmoja ukiwa na kitanzi cha kupitisha kiganja. "Hii mipira inakuvuta juu, wewe unaivuta chini. Miwani bila mipira ni mchezo. Miwani na mipira ni kazi."

Brashi akavaa. Chumba kikapotea. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mbao mbili ndefu, ana fimbo mbili mikononi, na mbele yake nchi nzima ilikuwa nyeupe. Hakuwahi kuona theluji maishani mwake, ila weupe aliufahamu. Ule ulikuwa weupe wa ukuta uliopigwa praima, rangi ya msingi, ambao bado hakuna aliyeamua uwe rangi gani. Akachomeka fimbo, akasukuma chini, mipira ikamvuta juu, akasukuma tena. Mbao zikateleza. Upepo hakuusikia, lakini kifua chake kilidhani kimeusikia.

Alipovua alikuwa amelowa jasho, na mikono inatetemeka kama ya mlevi. Dakika nane zilikuwa zimepita.

"Mama naye ajaribu kidogo?" Dada aliuliza kwa kutania.

"Mimi na hilo zimwi?" mama alisema. "Sitaki."

Dada akaeleza mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, miwani ingetuma yenyewe taarifa kituoni: dakika ngapi, kasi gani. La pili, kila siku Brashi angekuta huko kwenye theluji mtu wa kijivu mbele yake. Huyo ni yeye mwenyewe, mwendo wake wa mara ya mwisho. Kazi ni kumpita.

*

Wiki ya kwanza Brashi alimpita yule mtu mara tatu, akawa anajisikia kijana. Wiki ya pili mambo yakageuka. Akivaa miwani saa tatu asubuhi, yule wa kijivu alikuwa ameshatangulia, anapanda vilima kana kwamba anateremka. Brashi alimpa jina, akamwita Yule wa Jana, na alimchukia kwa dhati.

"Ananiacha," alimwambia mkewe. "Leo ananiacha kuliko jana."

"Si ni wewe huyo?"

"Ndiyo kinachoniuma. Kila siku niko nyuma yangu mwenyewe."

Mtu mwingine angeacha. Brashi alikuwa na ukaidi wa mafundi rangi, watu wanaoweza kurudia ukuta mmoja mara nne kwa kuwa doa moja tu limekataa kupotea. Aliongeza dakika. Dakika nane zikawa kumi na tano, zikawa ishirini na tano, zikawa thelathini na tano. Viganja vilimtoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magamba. Mchana alilala kama gogo, na kila alasiri mkewe alipotoka kupeleka nguo alizoshonea watu, nyumba ilibaki na mkoromo wa Brashi na ukimya wa mama.

Dada alipiga simu kila Ijumaa. "Kaka Brashi, unanishangaza. Dakika themanini kwa siku, na kasi hii? Huku kituoni tumekubandika ukutani."

Brashi alifungua mdomo kusema hajawahi kufikisha themanini. Akaufunga. Huenda mtu akiwa kule hesabu ya muda inampotea. Na tena, ni lini mara ya mwisho mtu alimsifu kwa kazi ya mikono yake? Sifa ile ilimwingia tamu, akaimeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu hakutia maji, alinyamaza tu, lakini kunyamaza nako kuna gharama yake.

"Ongeza mpira mwingine kila upande," Dada alisema.

Akaongeza. Yule wa Jana akazidi kumwacha.

Wiki ya nne Brashi alilia. Alilia ndani ya miwani, ambamo hakuna anayekuona, juu ya kilima cha mwisho ambacho yule wa kijivu alikipanda kwa misukumo kumi na miwili na yeye kwa thelathini. Alihisi anaoza. Alihisi kila jua likizama linaondoka na kipande chake, na mashine ile imeletwa kumwonyesha tu ni kipande gani. Kisha akapangusa pua kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye mipira, akasukuma wa thelathini na moja.

*

Siku nane kabla ya tarehe ya kiwanda, Dada alikuja na Mkuu wa Kituo. Alikuwa bwana mwenye faili jekundu na viatu vya kung'aa, na alikuwa amesoma taarifa za Brashi kwenye mkutano. Alitoa simu yake, akaiweka tayari kupiga picha za video.

"Tutaonyesha wafadhili," alisema. "Fundi, utahama kutoka kitandani mpaka kitini, bila ubao na bila mtu."

"Mkuu, bila ubao bado hatujafika," Dada alisema.

"Kwa takwimu hizi?" Akaligonga faili kwa kidole. "Huyu tayari."

Dada alimtazama Brashi, akimwachia mlango wa kutokea. Mkewe, aliyesimama kando ya kabati na mkanda wa mgongo kiunoni, naye alimtazama. Angesema tu kwamba bado. Lakini sifa za Ijumaa nne zilikuwa zimemkaa kooni.

"Nitajaribu," alisema.

Aliegemeza kiganja kimoja kwenye godoro na kingine kwenye kiti. Aliinama mbele. Akasukuma. Makalio yakaachana na godoro, yakapanda, na kwa kitambo Brashi alikuwa hewani, anaelea juu ya nafasi ile ile aliyozolewa na fundi welda. Akafika nusu ya njia. Hapo kiwiko cha kushoto kikakunjika, akaanguka chini kwa kishindo kilichotikisa vyombo.

Mkuu wa Kituo alizima simu. Alisubiri Dada amkague mifupa, kisha akafungua faili.

"Nani alikuwa anavaa hii miwani?"

"Mimi," Brashi alisema kutoka sakafuni. "Kila siku, saa tatu asubuhi."

"Na saa tisa alasiri?"

"Saa tisa nalala."

"Hapa pana mtu anafanya mazoezi saa tisa alasiri, kila siku, kwa muda wa wiki tano. Dakika arobaini, dakika hamsini. Ni mtu mwenye mikono, fundi, na hafanyi akiwa usingizini. Kuna watu thelathini kwenye orodha wanakisubiri kifaa hiki. Ukitudanganya sisi, unawaibia wao."

Brashi aligeuza uso kumtazama mkewe. Mkewe alikuwa hamtazami. Alikuwa anamtazama mama mkwe, aliyesimama mlangoni kashika kizingiti kwa mikono miwili.

"Ni mimi," mama alisema.

Akakaza mikono kwenye kizingiti, akaendelea.

"Siku ya kwanza nilitaka kuona tu mwanangu anakwenda wapi. Nikaona kule hakuna ngazi wala kuta za kushika. Miaka kumi na moja haya magoti yamenifungia humu ndani. Siku ya kuvuka kizingiti ni siku ya kwenda hospitali. Kule sikuwa na magoti. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikudhani nitaona theluji. Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena. Hakuna aliyeniambia kwamba kinaandika."

"Mama," Dada alisema polepole, "ulikuwa unafunga mipira?"

"Mipira ipi? Hizo kamba za kijani? Nilidhani za kutundikia taulo."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa alikuwa anamtazama Brashi. "Kwa hiyo wiki tano ulikuwa unamfukuza mtu asiye na mipira. Nawe una miwili kila upande."

Jambo lile lilichukua muda kumfikia Brashi sakafuni. Lilipofika lilifika kwa hasira kwanza. "Mama, nimejiona naoza. Kila siku nimejiona naoza, na wewe unanisikia nikisema."

"Nilikuwa sijui kwamba yule anayekuacha ni mimi, mwanangu. Mimi nilikuwa nakufukuza wewe. Nilimwona mtu mbele yangu anajikaza, nikasema simwachi peke yake." Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke, kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye kizingiti. "Nisamehe."

Brashi alijivuta akaegemea ukingo wa kitanda.

"Kile kilima cha mwisho," aliuliza, "ulikuwa unakipandaje?"

"Nilianza kasi kabla sijakifikia. Wewe unasubiri mpaka kikukute. Hata ukutani ulikuwa hivyo hivyo, unapaka kwanza panapokuwa rahisi."

Brashi alianza kucheka. Alicheka mpaka ubavu alioangukia ukamuuma, na Dada akacheka naye.

Mkuu wa Kituo hakucheka. Alisema, kwa upole kuliko mwanzo, kwamba ameelewa, ila taarifa zimeharibika na hazina maana tena kwa mradi. Kanuni ni kanuni, na kifaa lazima kirudi. "Hatuna namna ya kujua kama fundi amepiga hatua yoyote."

"Mimi ninayo," mke wa Brashi alisema.

Alisogea akasimama kando ya mumewe.

"Kwa miaka miwili namnyanyua huyu mtu mara nane kwa siku. Uzito wake naujua kuliko uzito wangu. Mwezi uliopita alivunja mgongo wangu. Wiki iliyopita nilipohesabu tatu, alikuja mwenyewe. Nikadhani amekonda, nikampima kiuno kwa mkanda, hajakonda. Ni kwamba ameanza kujibeba, na mimi nabeba kinachobaki. Na leo mmeona wenyewe, bila ubao wenu, amefika nusu."

"Mama, mikono si kipimo," Mkuu alimwambia.

"Kipimo chenu kimempima mama mkwe wangu," alisema.

Alichukua simu juu ya kabati, akabonyeza namba, na mbele ya wote, huku mumewe bado amekaa sakafuni, akasalimia mtu wa kiwandani na kumwambia kwamba jibu ni ndiyo, tarehe moja atafika. Alipokata, aliirudisha simu juu ya kabati.

"Una wazimu?" Brashi alimuuliza.

"Sijui. Una siku nane za kunijibu."

Walimwinua kwa pamoja, Dada na mkewe, naye akasukuma. Miwani ikarudishwa kwenye sanduku. Mkuu alipotangulia nje, Dada alibaki nyuma kidogo. "Mipira si ya mradi," alisema, "niliinunua mwenyewe. Na mama nimemwandikisha kwenye orodha. Ni wa thelathini na moja."

"Nitakuwa hai?" mama aliuliza.

"Fanya mazoezi," Dada alisema.

*

Siku nane si nyingi. Brashi alifanya asubuhi na alasiri, mipira miwili kila upande, na mama aliketi mbele yake kwenye stuli, akimpa mgongo, akisukuma hewa kwa ngumi mbili. Bila theluji chumba kilikuwa chumba tu, chenye kabati, ndoo na kalenda. "Nimekuacha," mama alisema kila baada ya muda. "Bado nimekuacha." Dada alipita mara mbili baada ya kazi, kwa hiari yake, akamfundisha kuuweka ubao vizuri na kuinamisha kichwa upande ambao mwili hauendi. "Habari ya bila ubao ilikuwa ya video," alimwambia. "Mtu mzima anatumia ubao wake." Jioni ya mwisho alifika kitini, lakini Dada alikuwa amemshika mkanda wa suruali. Bila mkono wa mtu kwenye mkanda, alikuwa hajafika hata mara moja.

Tarehe moja mkewe aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Alioga, akavaa, akasogeza kiti cha magurudumu kando ya kitanda, akakaza breki, akazikagua mara mbili. Kisha akapiga magoti kidogo na kunyoosha mikono.

"Acha," Brashi alisema.

"Nikuweke kitini tu. Kwa leo."

"Ukininyanyua leo, utaninyanyua na kesho. Nenda."

"Ukianguka?"

"Nitakuwa chini, nami chini nimeshapazoea."

Alisimama na begi mkononi. Alitaka kusema jambo, akalibadilisha, akamnyooshea shuka ambalo halikuwa limekunjika. Alipofika mlangoni hakugeuka, na Brashi alimshukuru kwa hilo, kwa kuwa angegeuka angemwita arudi.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye stuli yake. Alikuwa ameagizwa asimguse wala asimwite fundi welda mpaka atakapoambiwa, na ili kujilinda alikuwa ameikalia mikono yake.

Mara ya kwanza ubao uliteleza, akarudi kitandani kwa mgongo. Alilala pale akihema, akitazama boriti. Mara ya pili aliogopa, na hofu ilimfanya asukume nusunusu. Makalio hayakuachana na godoro hata kidogo. Nje kulishapambazuka. Akasikia mlango wa karakana ya fundi welda ukifunguliwa, na kwa kitambo kirefu, kirefu kuliko alivyopenda, alifikiria kumwita.

"Unasubiri kilima kikukute," mama alisema.

Brashi akaweka ubao upya. Akainamisha kichwa. Hakuhesabu, kwa sababu kuhesabu kulikuwa kwa mkewe. Alisukuma tu, kwa mikono iliyowahi kumfukuza mama yake wiki tano juu ya theluji, na mwili ukapanda, ukateleza, kiwiko cha kushoto kikatetemeka, kikashikilia, na makalio yake yakatua kitini vibaya, upande upande, mguu mmoja umebaki kitandani. Akauvuta mguu kwa mikono, akauweka kwenye kikanyagio. Alikuwa amekaa.

Mama alitoa mikono chini ya mapaja, ikiwa na alama za mbao za stuli, akafunika uso.

Chooni alichukua dakika ishirini, na mambo mengine hayahitaji kusimuliwa. Mchana alirudi kitandani kupumzika, akatoka tena. Saa sita na nusu simu iliita. Nyuma ya sauti ya mkewe kulikuwa na ngurumo ya cherehani nyingi na watu wanaoongea kwa kupaza sauti.

"Uko wapi?"

"Mlangoni."

"Wa chumbani?"

"Wa nje. Kuna jua zuri."

"Nani amekutoa?"

"Hakuna."

Ngurumo iliendelea, kisha Brashi akasikia mwanamke mwingine akimuuliza mkewe kama kuna tatizo nyumbani, mbona amesimama hivyo.

"Hamna tatizo," mkewe alimjibu, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mwanamke anayemsema mume kama waume wengine. "Ni mume wangu. Mimi niko kazini, yeye amekaa nje anaota jua."